Taa za karakana ya nyumbani: mwanga wa kutosha kwa uniti chache

Nafunga umeme majumbani hapa Mwanza, na wateja wangu wengi wana karakana uani: seremala wa Buhongwa, fundi pikipiki wa Nyakato, mtumishi anayetoka kazini jioni na kuchonga viti mpaka saa nne usiku. Karibu wote huanza na swali lilelile: "Fundi, nifunge taa gani ili LUKU isiniishie?" Na mimi huwauliza meza ya kazi iko wapi. Wengine hudhani nakwepa swali.

Sikwepi. Ukishaamua kutumia LED, umeshavuna sehemu kubwa ya nafuu. Kinachobaki ni mahali pa kuiweka, na hapo ndipo watu wanapopoteza uniti. Wavuvi wetu wa dagaa hawakuhitaji fundi wa kuwaeleza hilo. Tangu enzi za karabai hadi hizi taa za LED na betri, taa inakaa karibu na maji, pale dagaa wanapotakiwa kuja. Karakana nyingi ninazoingia zina taa moja kali iliyobanwa juu kabisa kwenye kenchi, halafu mwenye nyumba anafanya kazi kwenye kivuli cha kichwa chake mwenyewe.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: karakana ya seremala, mita 4 kwa mita 6, paa la bati bila dari, kuta za tofali. Yako ikiwa gereji ya gari au chumba cha cherehani, badilisha namba tu, utaratibu ni uleule.

Hatua ya 1: Chora kabla ya kununua

Chukua karatasi, chora chumba kama unavyokiona ukiwa juu. Weka alama kwenye meza, msumeno, randa, mahali pa kupaka vanishi, rundo la mbao na mlango. Pembeni ya kila alama andika kiasi cha mwanga kinachohitajika. Kipimo chake ni laksi: lumeni moja (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) ikienea juu ya mita moja ya mraba, hiyo ni laksi moja.

Viwango ninavyotumia ni hivi. Stoo na njia ya kupita, laksi 100. Kazi za kawaida kama kuunganisha, kupigilia na kuchomelea, 300. Msumeno, mashine ya kukereza na kupima kwa penseli, 500. Kazi ndogo kabisa, mfano kutengeneza simu au kutia uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, 750 na kuendelea. Mtumiaji akiwa mzee, ongeza bila kuona haya. Mtu wa miaka 60 anahitaji mwanga mara mbili na zaidi ya kijana wa miaka 20 ili aone kitu kilekile.

Simu nyingi zinaweza kuwekewa programu ya kupima laksi. Usiiamini kama mizani ya duka la dhahabu, lakini inafaa sana kulinganisha kona na kona.

Hatua ya 2: Paka chokaa

Najua ulitaka kusikia habari za taa. Vumilia kidogo.

Ukuta mweupe hurudisha zaidi ya asilimia 70 ya mwanga unaoupiga. Tofali jekundu lisilopakwa hurudisha kama robo tu, sehemu iliyobaki unainunua kwa TANESCO na kuizika ukutani. Ndoo ya chokaa na brashi ni kazi ya Jumamosi moja. Baada ya muda mfupi utaona kwenye hesabu chokaa hiyo inaondoa taa ngapi.

Kwa mchana, toa bati moja au mawili uweke yale ya plastiki yanayopitisha mwanga. Sisi tuko karibu nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, jua linapita utosini karibu mwaka mzima, kwa hiyo mwanga wa juu upo tele, ila na joto lake. Yaweke juu ya sehemu ya kuunganishia na kupangia mbao. Usiyaweke juu ya sehemu ya vanishi, itakauka juu kabla ya chini na kufanya malengelenge. Jua likizama hapa kwetu, karibu saa moja jioni mwaka mzima, ndipo taa zinaanza kazi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya lumeni

Wati ni umeme unaoingia kwenye taa, lumeni ni mwanga unaotoka. Mtu anayechagua kwa wati anachagua bili.

Zidisha eneo kwa laksi unazotaka, kisha gawanya kwa 0.48. Namba hiyo imetoka wapi? Si mwanga wote unafika mezani, mwingine unaishia kwenye kuta na paa. Kwa chumba cheupe chukulia 0.6. Halafu taa huchakaa na kushika vumbi, hapo chukua 0.8. Zidisha hizo mbili, unapata 0.48.

Karakana yetu ina mita za mraba 24. Tukitaka laksi 300 kila mahali: 24 mara 300 ni 7,200, gawanya kwa 0.48, ni lumeni 15,000. Tyubu ya LED ya futi nne yenye wati 18 na ubora wa kawaida hutoa kama lumeni 1,800. Zinatakiwa tyubu nane, wati 144, na bado msumeno haujapata laksi zake 500.

Sasa fanya ninavyofanya mimi. Chumba kizima kipe laksi 150 tu: 24 mara 150 ni 3,600, gawanya kwa 0.48, unapata 7,500. Tyubu nne zinatoa 7,200, inatosha. Kisha ning'iniza tyubu mbili zaidi juu ya meza na msumeno, mita 1.2 hivi kutoka uso wa kazi. Mwanga wa tyubu hizo mbili ukijumlishwa na ule wa chumba, meza inapata laksi 500 au zaidi. Jumla ni tyubu sita, wati 108. Umepunguza robo ya umeme na meza ina mwanga mwingi kuliko mpango wa kwanza.

Vipi kama ulikataa chokaa? Kwenye kuta za tofali tupu na kenchi nyeusi, badala ya 0.48 nagawanya kwa 0.35. Zile 3,600 zinakuwa lumeni 10,300 karibu, yaani tyubu sita kwa mwanga wa chumba peke yake, badala ya nne. Tyubu mbili hizo utazilipia kila mwezi.

Upande wa pesa, linganisha na tyubu sita za zamani za floresenti za wati 36. Choki ya chuma, kile kifaa cha kudhibiti umeme wa tyubu, nayo inakula, kwa hiyo kila moja ihesabu kama wati 45, jumla 270. Ukiwasha saa 5 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, floresenti zinatumia uniti 35, LED zinatumia 14. Tofauti ni uniti 21. Anayenunua uniti kwa shilingi 350 hivi anabakiwa na zaidi ya shilingi 7,000 kila mwezi. Kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti 21 ndizo zinazoweza kumtoa kwenye bei ile nafuu. Huyo ananufaika kuliko wote.

Hatua ya 4: Soma boksi ukiwa bado dukani

Tafuta lumeni. Boksi lisilotaja lumeni lirudishe kwenye shelfu hata kama muuzaji anakuapia. Ukizipata, gawanya kwa wati. Balbu ya zamani ya waya wa kuwaka hutoa lumeni 12 hadi 15 kwa wati, enajiseva kama 60, LED nzuri 100 na kupita. LED chini ya 80 siinunui.

Maneno "sawa na wati 100" yapime kwa akili. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800, ya wati 100 ilitoa kama 1,300. LED ya wati 5 haiwezi kuwa sawa na ya 100, hata ikiandikwa kwa maandishi ya dhahabu. Uongo mkubwa zaidi uko kwenye zile floodi za sola, taa kubwa za nje. "Bosi, hii ni wati mia tatu!" Nyuma yake kuna kipande cha sola ukubwa wa daftari. Kipande hicho hakiwezi kulisha wati 300 hata kwa nusu saa, ile namba ni ya kuuzia.

Angalia pia umeme inaoupokea. Iliyoandikwa volti 85 hadi 265 ndiyo rafiki wa mitaa yetu, hasa pembezoni kama Kisesa au Igombe, ambako jioni kila nyumba ikiwasha pasi volti zinashuka. Iliyoandikwa 220 hadi 240 tu itakupepesea kila jirani anapowasha mashine.

Kuna namba iitwayo Ra, inayoonyesha taa inavyotoa rangi za vitu kwa uhalisia. Kikomo cha juu ni 100. Kwa karakana usikubali chini ya 80. Anayechanganya rangi za gari, anayefananisha vitambaa au anayetaka kutofautisha mninga na mbao iliyopakwa ifanane na mninga, atafute 90.

Mwisho ishike mkononi. LED haichomi kama balbu ya zamani, lakini joto lake linakaa nyuma, kwenye kitako, na lisipopata pa kutokea linaua vifaa vya ndani. Taa nyepesi kama kiberiti kitupu kwa kawaida haina chuma cha kutolea joto. Tazama nembo ya TBS (Shirika la Viwango), dai risiti, na ukifika nyumbani andika tarehe kwenye kitako kwa kalamu ya wino mzito. Wauzaji wengi mjini hukubali kubadilisha taa iliyokufa ndani ya dhamana, tatizo ni kwamba mteja hakumbuki alinunua lini.

Hatua ya 5: Pima kupepesa, hasa kama una mashine zinazozunguka

Hapa naomba usiruke. Sehemu nyingine za mwongozo huu zinahusu pesa, hii inahusu vidole.

Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kila sekunde, na kila wimbi hufika kileleni mara mbili, kwa hiyo taa isiyo na vifaa vizuri ndani huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni. Lakini mota iliyofungwa moja kwa moja na msumeno huzunguka karibu mara 50 kwa sekunde, yaani kila taa inapowaka msumeno umegeuka nusu duara. Kama meno yake ni ya idadi shufwa, jino limekaa pale pale jingine lilipokuwa. Unachoona ni msumeno uliosimama. Kwa kawaida mota huchelewa kidogo, kama mizunguko 2,850 kwa dakika badala ya 3,000, kwa hiyo meno yanaweza kuonekana yanatambaa tu. Yote ni uongo wa taa, na kelele za karakana ya jirani zinaweza kukuficha mlio wa mashine yako.

Tyubu za floresenti zenye choki ya chuma zina tabia hiyo. LED za bei ya kutupa nazo zinayo, kwa sababu mtengenezaji amebana pesa kwenye sehemu inayonyoosha umeme.

Kipimo ni rahisi. Muombe muuzaji awashe taa, fungua kamera ya simu kwenye video ya mwendo wa polepole, ielekeze kwenye taa. Ukiona michirizi myeusi inapita au mwanga unapigapiga, iache. Simu yako haina mwendo wa polepole? Shika kalamu nyeupe chini ya taa, itikise haraka kushoto na kulia. Kwenye taa nzuri utaona ukungu uliolainika, kwenye taa mbovu utaona kalamu nyingi zimejipanga. Wauzaji wa Makoroboi hapa mjini wamenizoea, nikitoa kalamu wanacheka.

Taa iliyofeli usilazimike kuitupa. Ipeleke stoo au chooni, iwe mbali na mashine.

Hatua ya 6: Rangi ya mwanga, na wadudu wa ziwani

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Madukani zimejaa taa za kelvini 6,500, zile nyeupe zenye ubuluu. Watu wanazipenda kwa sababu zinaonekana kali. Ndani ya karakana napendelea 4,000. Macho hayachoki haraka, na rangi ya mbao haigeuki kijivu.

Nje ni suala jingine. Mkazi wa Igombe, Kayenze, Bwiru au popote karibu na maji anajua wale vijidudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi. Wadudu wengi wa usiku huvutwa zaidi na mwanga wa buluu kuliko wa njano. Taa ya 6,500 juu ya mlango wa karakana ni mwaliko, na asubuhi vanishi yako ina mabawa. Mlangoni weka ya njano, kelvini 2,700 au 3,000, yenye lumeni chache. Kama una uwanja, weka nyeupe moja mbali, mita kumi au zaidi kutoka mlangoni, iwachukue wao. Hutawamaliza. Kazi ya kupaka vanishi imalize kabla ya giza.

Hatua ya 7: Kufunga

Tyubu za chumba zipange safu mbili kwa urefu wa karakana, zikining'inia kwa minyororo kutoka kwenye kenchi. Usizigandamize kwenye bati, mchana bati linawaka na vifaa vya ndani ya taa vinapikwa hata kama haijawashwa.

Taa ya meza ikae juu ya ukingo wa mbele wa meza au mbele yako kidogo, kamwe isiwe nyuma ya mgongo. Kwenye msumeno, anayetumia mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto. Kabla ya kupigilia chochote, mpe mtu taa aishike huku wewe umesimama kwenye nafasi yako ya kazi, uone kivuli kinaangukia wapi.

Unga wa mbao unashika kila kitu. Tafuta tyubu zenye kava iliyozibwa, zilizoandikwa IP65. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na 6 ni kizuizi kamili, ya pili inahusu maji. Futa kava kila mwezi kwa kitambaa chenye unyevu, umeme ukiwa umezimwa. Sehemu ya kupulizia rangi au vanishi kwa bomba inahitaji upepo wa kupita, na swichi zote zikae nje ya chumba hicho, maana mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo.

Nyaya za taa ni milimita za mraba 1.5, na breka yake ya ampea 6 au 10. Mashine ya kuchomelea iwe na njia yake kutoka kwenye bodi, usiichanganye na taa, kila unapogusa chuma taa zitakonyeza na umri wake utapungua. Gawa swichi tatu: taa za chumba, taa ya meza, taa ya msumeno. Swichi moja kwa kila kitu inafuta nusu ya hesabu tuliyofanya. Vihisi vya kuwasha taa mtu anapopita viwekwe stoo tu. Kikizima wakati umesimama kimya ukisukuma mbao kwenye msumeno, utakilaani. Kazi ya bodi na erthi mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati.

Hatua ya 8: Ukitaka kubaki na fremu za zamani

Fremu ya floresenti nzima inaweza kupokea tyubu ya LED. Soma mchoro uliomo ndani ya boksi, kwa sababu ziko aina mbili. Kuna inayofanya kazi huku choki ipo, unatoa stata (kile kidude cha kuanzishia tyubu) na kuweka ile ya bandia inayokuja na tyubu. Na kuna inayotaka umeme wa moja kwa moja, hapo choki na stata zinaondolewa kabisa na waya wa moto na nyutro zinaletwa kwenye tyubu. Mimi naondoa choki kila ninapoweza. Nayo inakula wati kadhaa, na siku moja itaanza kuvuma.

Ukishabadilisha nyaya, bandika karatasi kwenye fremu: LED TU. Mtu akirudisha floresenti humo, tyubu inaweza kupasuka.

Floresenti za zamani usizivunje wala kuwapa watoto wachezee. Ndani kuna zebaki, ileile wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita wanayokamatia dhahabu. Ni kwa ajili hiyo nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kusitisha utengenezaji wa tyubu hizo ifikapo 2027. Usizinunue kwa akiba.

Hatua ya 9: Jiandae umeme kukatika

Umeme ukikatika, msumeno unaendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa gizani. Weka balbu moja ya kuchaji, zile zinazowaka zenyewe, karibu na msumeno. Moja inatosha. Kisha zima swichi ya mashine kwa mkono, usingoje umeme urudi na kuikuta iko tayari.

Hatua ya 10: Hakiki kwa LUKU yako

Chagua jioni moja. Zima kila kitu nyumbani, friji pia, soma uniti zilizobaki na uandike. Washa tyubu zote sita kwa saa tano bila kuwasha kitu kingine, kisha soma tena. Wati 108 kwa saa tano ni uniti 0.54. Ukikuta 0.5 au 0.6, umeuziwa ulichoandikiwa. Ukikuta 0.8, kuna boksi lililodanganya au kuna kitu bado kinakula mahali. Chomoa tyubu moja moja mpaka umpate mwizi, kisha umrudishie muuzaji pamoja na ile risiti.